Saksafoni na Bosanova: Adabu ya Kuazima

(Hotuba iliyotolewa katika Siku ya Wanafunzi wa Zamani, mbele ya wanachama, waalimu na wanafunzi)



Wasemaji walionitangulia wamewaeleza vijana habari za uhasibu, sheria na kilimo. Mimi ni mtumishi wa serikali, lakini wazee walioketi hapa mbele wanakumbuka kwamba kabla ya chuo kikuu nilikuwa mpuliza saksafoni katika bendi ya shule hii. Kwa hiyo nitasema juu ya muziki. Nimeambiwa kwamba klabu yenu ya midahalo imejadili kama inafaa kijana wa Kiafrika kupiga muziki wa wageni. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, nami naomba kuichangia kwa mfano mmoja.

Hapa kwetu neno "jazi" lilivishwa bendi za dansi, kama Morogoro Jazz na Western Jazz. Jazi ninayoikusudia leo ni ile iliyozaliwa na watu weusi wa Marekani. Na bosanova ni muziki uliochipuka katika mji wa Rio de Janeiro, Brazili, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama yake ni samba, na samba nayo ina damu ya kwetu. Waafrika zaidi ya milioni 4 walipelekwa Brazili utumwani, wengi wao kutoka Angola na Kongo, na wengine kutoka Msumbiji. Utumwa huko haukufutwa mpaka mwaka 1888. Minyororo ilifunga mikono yao, lakini mapigo ya ngoma walikwenda nayo.

Mwaka 1958 João Gilberto alitoa santuri ya wimbo "Chega de Saudade", uliotungwa na Antônio Carlos Jobim kwa maneno ya Vinicius de Moraes. Alichofanya Gilberto ni kulichukua kundi zima la ngoma za samba na kulitia ndani ya gitaa moja. Dole gumba lilishika pigo la ngoma kubwa, bila kuyumba. Vidole vingine vilicheza yale mapigo madogo yanayopishana. Sauti yake aliishusha mpaka ikawa kama ya mtu anayezungumza na jirani.

Muziki huo ulifikaje kwa wapuliza saksafoni wa Marekani? Mwaka 1961 mpiga gitaa Charlie Byrd alitumwa na serikali yake kuzuru nchi za Amerika ya Kusini. Aliporudi alimsikilizisha Stan Getz, mpuliza saksafoni ya tena, nyimbo alizozipenda huko. Tarehe 13 Februari 1962 wakarekodi santuri ya "Jazz Samba" katika jengo la kanisa mjini Washington. Mwezi Machi 1963 santuri hiyo ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya Billboard, jambo lisilo la kawaida kwa santuri ya jazi isiyo na mwimbaji.

Basi ukazuka mshindo. Mwaka huo huo wa 1962 Zoot Sims, Ike Quebec, Gene Ammons na Sonny Rollins nao waliugeukia mdundo huo. Makampuni yakaanza kuutangaza kama dansi mpya ya mjini, wakati wenyewe kule Rio waliuona kuwa muziki wa kuketi na kusikiliza. Huo ndio uigaji wa haraka: mtu anachukua jina kabla hajakijua kitu.

Lakini wako waliojifunza. Naomba wenye saksafoni mnisikilize vizuri hapa. Mpigaji wa jazi amezoea kuzigawa noti kwa kuchechemea: ya kwanza ndefu kidogo, ya pili fupi. Bosanova huzigawa sawasawa, kama mtu atembeaye juu ya mchanga laini. Ukiichechemesha, umeiua. Tena haitaki kelele. Ukipuliza kwa nguvu zako zote, gitaa linazama. Kwa hiyo mpuliza saksafoni mwenye sifa zake ilimpasa aache mazoea ya miaka mingi. Coleman Hawkins, ambaye wengi humwita baba wa saksafoni ya tena, alikuwa anakaribia miaka 58 aliporekodi nyimbo za Brazili mwaka 1962. Mzee mzima alikubali kuwa mwanafunzi. Naye Cannonball Adderley, mwezi Desemba mwaka huo, aliwaendea wenyewe: alirekodi na kundi la Wabrazili lililoongozwa na Sérgio Mendes. Ukitaka kujua njia, muulize mwenyeji.

Getz naye alifanya hivyo. Mwezi Machi 1963, mjini New York, aliketi pamoja na João Gilberto mwenyewe, na Jobim kwenye piano. Hakujifanya Mbrazili. Sauti yake nyororo, yenye pumzi nyingi, ilibaki ya Getz. Alijua tu wakati wa kusema na wakati wa kunyamaza. Santuri yao, "Getz/Gilberto", ilipata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka, iliyotolewa 1965.

Tena msidhani Wabrazili walikuwa watoaji tu. Kabla ya hapo bosanova yenyewe ilikuwa imeazima sauti za jazi katika mpangilio wa noti zake, na wako wahakiki wa Brazili walioilaumu kwa kuiga mno Marekani. Mnaona basi kwamba mdahalo wenu una ndugu zake mbali.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika penye uzito. Wimbo wa "Jazz Samba" uliovuma kuliko yote ni "Desafinado". Jobim aliutunga pamoja na Newton Mendonça, na Mendonça alifariki mwaka 1960, kabla Getz hajaugusa. Ni wangapi walioupenda wimbo huo na kulijua jina lake? Na katika santuri ya "Getz/Gilberto", sauti ya kike iliyoupeleka wimbo wa msichana wa Ipanema duniani kote ni ya Astrud Gilberto; jina lake halikuandikwa kwenye jalada la mbele.

Haya si mambo ya Rio peke yake. Katika kazi yangu nimewahi kumpokea mjane wa mtunzi wetu mmoja. Nyimbo za marehemu zinapigwa redioni na kwenye arusi hadi leo. Mama huyo alikuja na santuri moja iliyofungwa kwenye kanga. Jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la bendi tu, na karatasi ya mkataba hakuwa nayo hata moja. Nilisoma sheria kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta mahali pa kuushikia mkono wake. Pasipo jina, sheria haina pa kushika.

Kwa hiyo jibu langu kwa klabu ya midahalo ni hili: azimeni. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo; nami nasema haisitiri kwa yule aliyeivaa bila kuipima. Jifunzeni kwa wenyewe, kwa uvumilivu wa Hawkins, kisha pulizeni kwa sauti yenu. Na kila tamasha la shule liwe na karatasi yenye majina ya watunzi, wa nje na wa kwetu. Mkitunga wenu, andikeni jina na tarehe siku hiyo hiyo, kabla wino haujawa na kesi.

Nanyi wanachama wenzangu, nimepita stoo asubuhi. Saksafoni tatu zimelala humo bila pedi wala matete. Mimi nitatengeneza moja. Naomba wawili miongoni mwenu, kabla hatujaagana leo, wajiandikishe kwa mweka hazina kwa ajili ya mbili zilizobaki.