Farasi wawili na sisi wachache: kura yetu ina kazi gani?

Wengi mmeniomba niandike yale niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha jamii yetu. Nayaweka hapa vipande vipande, karibu vile vile nilivyoyatamka. Kama ilivyo kawaida ya uzi huu, hakuna jina la mwanasiasa wala la chama. Hata jina la jamii yetu nimeliacha, maana haya yanawahusu wengi.

1/ Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma, asanteni kwa kufika. Wacha nianze na kilichonileta mbele yenu. Wiki mbili zilizopita watu walikosana nyumbani kwetu. Hawakugombania shamba wala mahari. Waligombania kura.

Binamu yangu mmoja alisema atampigia mgombea wa kwanza. Mwingine akamrukia: "Huyo huyo aliyetuahidi hatimiliki mara ya mwisho, akapita, hatukumwona tena?" Wa kwanza akajibu: "Afadhali huyo kuliko wako aliyesimama jukwaani akatuita wageni." Shangazi yangu aliyekuwa kimya muda wote akamaliza: "Mimi siendi. Wote wawili hutujua mwezi mmoja kila miaka mitano." Chai ikapoa. Watu wakaondoka bila kuagana.

2/ Nimelifikiria jambo hilo sana, na nikaona kwamba pale hakukuwa na mjinga hata mmoja. Angalieni vizuri. Binamu anayelilia hatimiliki ana shamba ambalo babu yake alilima na hadi leo hana karatasi. Binamu anayeogopa neno "wageni" ni kijana aliyezungushwa miaka miwili akitafuta kitambulisho, kila ofisi akiulizwa babu yako alizaliwa wapi. Kila mtu alikuwa anapima kwa kidonda chake. Ukimwambia mwenzako "huoni mbali", jiulize kwanza yeye amesimama wapi.

3/ Sasa, kwa nini tunajikuta na farasi wawili tu? Katiba haisemi wawe wawili. Mwaka 2022 karatasi ya urais ilikuwa na majina manne. Lakini wawili wa juu walichukua zaidi ya asilimia 99 ya kura halali. Wa kwanza alipata asilimia 50.49, wa pili 48.85. Hao wengine wawili, ukijumlisha kura zao, hawakufika hata asilimia moja.

Sababu mojawapo ni kwamba Katiba inataka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na asilimia 25 katika angalau kaunti 24 kati ya 47. Hakuna jamii moja Kenya inayoweza kufika hapo peke yake. Kwa hiyo vyama vinaungana mapema, vinakuwa mirengo miwili mikubwa, na sisi wadogo tunaulizwa: uko huku au uko kule?

4/ Hebu tupime njia tulizo nazo moja moja. Sitawaambia mchague ipi. Nitawaambia kila moja inafanya nini kwenye hesabu.

Njia ya shangazi: kukaa nyumbani. Ni haki yake. Kenya hakuna sheria ya kumlazimisha mtu kupiga kura. Lakini mwaka 2022 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 22, na waliojitokeza ni karibu asilimia 65. Yaani zaidi ya watu milioni saba hawakwenda. Kuna mtu yeyote aliyeuliza kila mmoja alikuwa na sababu gani? Mgonjwa, aliyesafiri, mwenye hasira, aliyelala: wote wanaandikwa namna moja. Ukitaka kukaa kwako kusomeke kama ujumbe, lazima useme hadharani kwa nini, mapema, pamoja na wenzako. Kimya cha mtu mmoja hakina maelezo.

5/ Njia ya pili: kwenda na kuharibu karatasi, au kuitumbukiza tupu. Vijana wengi wanaipenda hii. Ati "nitawaonyesha." Hapa lazima tuelewane vizuri. Mwaka 2013 kura zilizokataliwa zilikuwa zaidi ya 100,000, na Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kura kama hizo haziingii kwenye hesabu ya asilimia. Kwa hiyo karatasi yako tupu haimpunguzii mtu yeyote. Haisukumi uchaguzi kwenda raundi ya pili. Inawekwa kando pamoja na ya yule aliyekosea kuweka alama. Roho yako inaweza kutulia, na hilo si dogo. Ila usidhani umemfinya mgombea.

6/ Njia ya tatu: kumpigia mgombea mdogo unayempenda kweli. Hii ni tofauti na karatasi tupu, kwa sababu kura hiyo ni halali na inahesabiwa. Ikiwa wawili wa juu wamekaribiana sana, kura za mgombea wa tatu zinaweza kumzuia yeyote kupita nusu, na hapo tunarudi debeni ndani ya siku 30. Katiba ilitungwa hivyo. Ubaya wake ni kwamba wadogo hawa mara nyingi hupata kura chache mno kufanya kazi hiyo. Na ile kura uliyompa ndiyo ambayo ingemzuia yule unayemwogopa zaidi. Pima yote mawili.

7/ Njia ya nne: kuchagua aliye afadhali. Wengi wetu tunafanya hivi huku tumekunja uso. Shangazi ana hoja hapa, na lazima tuikubali: wakijua utawapigia tu kwa kuogopa yule mwingine, watajisumbua kwa nini kukutengenezea barabara? Ni kweli. Kura ya woga haina bei.

Lakini mimi nadhani tunauliza swali baya. Tunauliza, "Nani ni mtu mzuri?" Hakuna jibu hapo. Uliza hivi: baada ya huyu kuingia, nitaweza kumsumbua? Nikienda mahakamani ataheshimu uamuzi? Nikiandamana na bango nitarudi nyumbani salama? Nikipiga hodi kwenye ofisi yake nitafunguliwa, hata kama nitaambiwa ngoja? Kati ya wawili wasiofaa, kuna tofauti kati ya anayekusahau na anayekufungia mlango kabisa. Nani ni yupi, hilo mtaamua wenyewe.

8/ Njia ya tano ndiyo ile wazee wetu wanaipenda: kura zote kapu moja. Wazee wachache wanaenda kuonana na mgombea usiku, wanarudi asubuhi wakitangaza "jamii imeamua." Nguvu yake naiona. Watu wachache wakitawanyika hawaonekani. Wakikaa pamoja wanapewa angalau kiti cha kukalia kwenye mkutano.

Lakini wazee wangu, mniwie radhi, ina hatari tatu. Kwanza, nani aliwatuma? Mama aliye sokoni hakuulizwa. Pili, mkipewa bahasha, bahasha inabaki kwa waliokwenda. Na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inamshika anayetoa hongo na mpiga kura anayepokea. Tatu, na hii ndiyo inanikosesha usingizi: mkijitangaza kuwa wa upande mmoja, na upande mwingine ushinde, mtabaki na majirani wenye hasira. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Mdogo anayeishi katikati ya wakubwa wawili hana pa kukimbilia.

9/ Kwa hiyo pendekezo langu ni hili: tudai hadharani, tupige kura kwa siri. Tuandike mambo matatu au manne. Tuyapeleke kwa pande zote mbili, mchana, watu wakiona. Atakayejibu, tuandike jibu lake na tarehe. Atakayekataa kujibu, tuandike pia. Halafu kila mtu aingie kwenye kibanda chake peke yake. Katiba inasema kura ni ya siri. Siri hiyo haikuwekwa kwa ajili ya wakubwa. Iliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi.

10/ Na tudai mambo yanayopimika. "Tutawakumbuka" haipimiki. Nawapa mifano.

Sheria ya Serikali za Kaunti inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasiotoka jamii kubwa ya kaunti hiyo. Muulize mgombea ugavana: utachapisha orodha ya walioajiriwa kila mwaka?

Vyama hupeleka kwa tume orodha ya watakaoteuliwa kwenye mabunge kabla ya siku ya uchaguzi. Usiahidiwe kiti baada ya ushindi. Uliza: jina la mtu wetu liko wapi kwenye orodha, la pili au la arobaini?

Ibara ya 56 ya Katiba inataka serikali iweke mipango ya wachache na waliotengwa washiriki katika uongozi, wapate nafasi za elimu na kazi. Muulize: mpango upi, pesa ngapi, mwaka gani?

11/ Halafu jameni, mbona tunakosana kwa karatasi moja wakati tunapewa sita? Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwakilishi wa wadi. Hakuna sheria inayosema zote ziwe za chama kimoja. Nchi nzima sisi ni tone. Lakini kuna wadi 1,450, na kwenye wadi tone linaweza kujaza kikombe. Mwakilishi wa wadi ndiye anayepiga kura juu ya bajeti ya kaunti, ndiye unayekutana naye kwenye mazishi. Hapo kura zetu chache zinaweza kuamua. Mtu anayesema siendi kwa sababu ya karatasi ya rais anatupa na zile tano.

12/ Mwisho, tusiipe kura kazi isiyoiweza. Wamakonde wa Kwale waliishi hapa miaka mingi bila uraia, bila kitambulisho, bila kura. Mwezi Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi. Waliahidiwa vitambulisho, wakavipata, na Agosti 2017 wengi wakapiga kura kwa mara ya kwanza. Kura kwao ilikuja mwishoni, haikuwa mwanzo.

Wailchamus wa Baringo walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 ikakubali kwamba jamii ndogo ina haki ya kuwakilishwa hata kama kila uchaguzi inazidiwa kwa wingi. Waogiek walikwenda hadi Arusha. Mahakama ya Afrika ikawapa haki tarehe 26 Mei 2017, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na warudishiwe ardhi ya mababu zao. Kushinda kesi na kukaa shambani ni mambo mawili, nalijua hilo. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa akisubiri mgombea asiye na kasoro.

13/ Baada ya ule ugomvi nilimwendea shangazi. Sikumwambia ampigie nani. Nilimsomea hizo karatasi sita moja moja. Akaniuliza, "Huyu wa wadi ndiye anayehusika na zahanati?" Nikamwambia zahanati ni ya kaunti, na yeye anakaa kwenye bunge la kaunti. Akanyamaza. Kisha akasema: "Basi nitaenda kwa ajili ya zahanati. Hiyo ya rais nitaamua nikiwa ndani, na usiniulize nikitoka."

Sitamuuliza. Wale binamu wawili nao nimewaomba kitu kimoja tu, na nyinyi nawaomba hicho hicho. Wagombea wote wawili watapanda magari yao waende. Mmoja atashinda, mwingine atashindwa, na siku moja watapigana picha wakishikana mikono. Sisi ndio tutabaki hapa, kisima kimoja, njia moja ya kwenda sokoni. Chagueni mtakavyo, ila mkimaliza mje mnywe chai kabla haijapoa.