Stima ya Mtaa, na Boda Boda Bila Petroli

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazee wa mtaa baada ya swala ya Alasiri, mwezi wa Ramadhan)



Mimi si sheikh, ni fundi wa stima, kwa hivyo nitazungumza ya ufundi. Lakini nianze na jambo mnalolijua. Katika Hadithi aliyoipokea Abu Daud, maji, malisho na moto vimetajwa kuwa ni vitu ambavyo Waislamu wanashirikiana. Moto ndio nishati ya watu wa wakati ule. Hukumu zake nawaachia mashekhe. Mimi nimeshika neno moja tu, ushirika.

Huko Denmark kuna kisiwa kinaitwa Samsø. Watu wake hawafiki 4,000, na ukulima ndio kazi yao kubwa. Mwaka 1997 kilishinda mashindano ya serikali ya kutafuta kisiwa kitakachojitegemea kwa nishati ya upepo, jua na mazao ya shamba. Msidhani walimwagiwa pesa. Mwalimu mmoja mzaliwa wa hapo, Søren Hermansen, alianza kuzunguka akikaa vikao na wenzake. Kufikia 2000 mitambo 11 ya upepo ilikuwa imesimama nchi kavu, kila mmoja wa megawati 1. Kufikia 2003 ikaongezwa 10 baharini. Mkulima mwenye uwezo alinunua mtambo mzima, asiyekuwa nao akanunua hisa, na baraza la kisiwa nalo likawa na yake. Nyumba nyingi hupashwa joto kwa kuchoma mabua ya nafaka zao wenyewe. (Joto sisi tunalo la kutosha, hasa saa hizi za funga!)

Hapo kwenye hisa ndipo pana siri. Mtambo wa mwenzako unapiga kelele usiku kucha. Ambao una hisa yako wausikia kama muziki.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Madrasa niliyokuwa nikisaidia ilifungiwa sola na wafadhili, bure kabisa. Tukapiga picha, tukala biriani. Baada ya miaka michache betri zikafa. Kila niliyemwendea alisema, "Si waje wenyewe waliotufungia?" Hakukuwa na mfuko, hakukuwa na mwenye kuulizwa. Paneli ziko pale mpaka leo, kunguru wanazikalia. Na mimi fundi nilikuwepo siku ya kwanza, sikuuliza betri itanunuliwa na nani. Hilo bado linaniuma.

Sasa tuje kwenye usafiri, maana vijana wa boda boda nawaona wengi hapa. Hata wale wa Samsø hapo palikuwa pagumu. Magari, matrekta na feri ziliendelea kula mafuta. Ile mitambo ya baharini waliijenga ili ipeleke stima bara na kufidia madhara ya mafuta hayo. Yaani waliweka hesabu sawa, lakini petroli ilibaki kwenye tangi. Mwaka 2015 wakaingiza feri ya gesi, na gesi hiyo nayo yatoka ardhini.

Sisi huenda tukaanzia pale walipokwama, kwa sababu chombo chetu ni kidogo. Pikipiki ya petroli ikienda kilomita 100 hula kama lita mbili na nusu. Ya betri hutumia kama uniti tatu au nne. Paneli nane za wati 400 juu ya paa hili, siku ya jua zuri, zitatoa uniti 13 hivi. Hizo ni boda boda tatu kwa siku. Na msikiti wetu unatumia taa na feni zaidi usiku, wakati wa Tarawehe. Mchana ni Adhuhuri na Alasiri tu. Jua linapotea bure.

Mtaniambia mchana dereva yuko barabarani. Kweli. Ndiyo maana betri za akiba ni lazima: moja yachajiwa hapa, nyingine iko kazini. Na betri ndiyo ghali kuliko vyote, kwa hivyo kila anayebadilisha alipe, na sehemu ya malipo iwekwe kando tangu siku ya kwanza kwa ajili ya betri ijayo. Wenye hisa wagawane baadaye.

Sheria nayo tuijue. Sheria ya Nishati ya 2019 haimzuii mtu kuzalisha stima ndogo ya matumizi yake. Lakini ukivuta waya kumuuzia jirani, hapo unahitaji leseni. Fundi wa kufunga sola pia awe na leseni. Kwa hivyo tusianze na waya, tuanze na betri.

Kesho baada ya Alfajiri nitapanda paani kupima. Nataka madereva watano waje na daftari: umekwenda kilomita ngapi kwa wiki, umenunua petroli ya shilingi ngapi. Msikadirie, andikeni. Kina mama wenye chama naomba mtuchagulie mweka hazina, maana daftari zenu ndizo zinazosomeka.

Maswali tuyaweke baada ya futari, adhana imekaribia.

Wabillahi tawfiq.