Ijue Njia ya Stima Nyumbani Mwako

Hotuba ya fundi wa umeme kwa wakazi wa mtaa wa West Indies, Eldoret, katika baraza la usalama wa nyumba

Sitawachelewesha. Najua wengine mmefunga biashara ili mje hapa, na mvua ya Eldoret haingoji mtu.

Swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ni hili: "Fundi, mbona ekstensheni imeyeyuka na stima haikuzima?" Jibu lake ni fizikia ya sekondari, na kila mmoja hapa anaweza kuielewa, hata kama hakukaa darasani.

Tuanze na tanki la maji lililo juu ya mnara. Likiwa juu zaidi, maji hushuka kwa nguvu zaidi. Msukumo huo kwa umeme tunauita volti, na nyumbani kwetu Kenya ni volti 240. Kiasi cha maji kinachopita kwenye bomba kwa wakati mmoja ni kama mkondo wa umeme, nao tunaupima kwa ampea. Bomba likiwa jembamba, maji hupita kwa shida. Shida hiyo ndiyo ukinzani, tunaoupima kwa omu. Jina hilo linatokana na Georg Ohm, Mjerumani aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827: ukitaka kujua mkondo, gawanya volti kwa ukinzani.

Lakini stima ina tofauti moja na maji. Maji yakimwagika, yamekwenda. Umeme hauendi popote usipopata njia kamili ya kwenda na kurudi. Njia hiyo ya mzunguko ndiyo saketi. Ukizima swichi, umeikata njia, na taa inazimika.

Sasa njoo kwenye ekstensheni. Vifaa unavyochomeka pale havipangwi kwa foleni kimoja nyuma ya kingine. Vinakaa sambamba, kila kimoja na njia yake, kama mifereji kadhaa kwenye bomba moja. Ndiyo maana ukizima redio, televisheni haizimiki. Lakini kila mfereji unaofungua unaongeza maji kwenye bomba kuu. Bomba kuu hapa ni ule waya mmoja wa ekstensheni.

Tupige hesabu. Chukua wati zilizoandikwa kwenye kifaa, ugawanye kwa 240, utapata ampea. Jagi la kuchemsha maji la wati 2,000 linavuta ampea 8.3. Pasi ya wati 1,200 inavuta ampea 5. Jiko la koili la wati 1,500 linavuta ampea 6.25. Asubuhi ya baridi, mtoto anakwenda shule, vyote vitatu vimewashwa kwenye ekstensheni moja: karibu ampea 20. Plagi yake imeundwa kwa ampea 13, na nyaya nyingi za bei rahisi haziwezi hata hizo.

Na joto haliongezeki sawasawa na mkondo. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto kwenye waya huongezeka mara nne. Waya uliotengenezwa kwa ampea 10 ukibeba 20, unapika. Ukiwa umekunjwa chini ya zulia au nyuma ya kitanda, joto halina pa kutokea.

Mbona stima haikuzima? Kwa sababu fyuzi ya ampea 13 haikatiki papo hapo mkondo ukizidi kidogo. Inaweza kuvumilia ampea 20 kwa muda mrefu. Breka ya ukutani nayo mara nyingi ni ya ampea 32, kwa hiyo kwake 20 ni kitu cha kawaida. Na yule aliyetoa fyuzi akaweka msumari au karatasi ya sigara ameondoa mlinzi wa mwisho.

Jambo la pili ni mwili wako. Ngozi ikiwa kavu, ukinzani wake ni mkubwa. Ikilowa, unaweza kushuka hadi omu 1,000 hivi. Gawanya 240 kwa 1,000: ni ampea 0.24. Kile kifaa cha usalama kinachoitwa RCD hukata stima kwa ampea 0.03 tu, kwa sababu kuzidi hapo moyo uko hatarini. Ile 0.24 ni mara nane yake. Breka ya ampea 32 haiwezi hata kuona mkondo mdogo hivyo. Breka hulinda waya. RCD hulinda mtu.

Kwa hiyo wenye nyumba, shawa ya moto ya wati 5,000 inavuta karibu ampea 21. Inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi, breka yake, waya wa ardhini na RCD. Waya wa ardhini huupa umeme uliovuja njia rahisi ya kurudi. Usipokuwepo, njia ni wewe uliyesimama majini.

Tena, wale wanaopitisha waya juu ya mabati kumpa jirani stima: upepo unausugua, ngozi ya waya inatoboka, na paa zima linakuwa na umeme. Kamba ya nguo ya chuma ikiwa imefungwa kwenye paa hilo, mama anayeanika nguo mbichi ndiye anayekamilisha saketi.

Nawaomba mfanye haya. Kitu kinachotoa joto, yaani pasi, jagi, koili au hita, kichomekwe ukutani peke yake. Shika plagi baada ya kuitumia. Ikiwa ya moto, acha kuitumia. Ukiona soketi nyeusi au ukisikia harufu ya plastiki, zima swichi kuu, umwite fundi. Breka ikijikata mara kwa mara, usibadilishe kwa kubwa zaidi, tafuta sababu. Hadi kwenye mita ni kazi ya Kenya Power, lakini baada ya mita ni jukumu la mwenye nyumba. Fundi unayemwita akuonyeshe leseni yake ya EPRA.

Moto wa umeme ukizuka, usimwagie maji. Zima swichi kuu ukiweza, toa watu nje, kisha piga 999 au 112. Ukimkuta mtu ameshikwa na stima, usimguse. Zima kwanza, ikishindikana, msukume kwa mti mkavu ukiwa umesimama pakavu.

Ploti zetu zimebanana. Moto ukianza chumba kimoja hauulizi nani amelipa kodi. Leo jioni, kabla ya kulala, hesabu ampea za ekstensheni yako. Jirani asiyejua kugawanya, msaidie.