Sawa kwa Sawa, Hata Nyumbani

Binti wa dada yangu anakwenda Ujerumani. Atakaa mwaka mmoja na familia ya huko, akiwaangalia watoto na kujifunza Kijerumani. Mpango huo huitwa "au pair", maneno ya Kifaransa yenye maana ya sawa kwa sawa. Yaani anayepokewa huishi kama mmoja wa familia, wala si mtumishi.

Juzi aliniletea mkataba tuupitie. Nikausoma kwa sauti: kazi isizidi saa 30 kwa wiki, chumba chake mwenyewe, siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, likizo ya wiki nne kwa mwaka, posho ya euro 280 kwa mwezi, bima hulipwa na wenyeji. Nikamwambia, "Mwanangu, karatasi hii itunze. Wakikuzidishia saa au wakikunyang'anya pasipoti, usinyamaze."

Mlangoni alisimama msichana anayetufanyia kazi, sinia la chai mikononi. Akauliza kwa upole, "Baba, na mimi saa zangu ni ngapi?"

Sikuwa na jibu. Huamka kabla yetu, hulala baada yetu, na mkataba hana.

Tunataka watoto wetu waheshimiwe Ulaya, na ni haki yao. Lakini haki hiyo ianzie jikoni kwetu. Jana nimeketi naye, tukaandika saa zake, siku yake ya mapumziko na mshahara wake.

Je, ndugu msikilizaji, wa kwako umemwandikia?