Pete, Kijiti na Mtaji
Mwanasaikolojia wa Marekani David McClelland aliwapa watu pete za kurusha kwenye kijiti, kila mmoja ajichagulie pa kusimama. Wenye kiu ya mafanikio hawakusogea karibu mno, wala hawakwenda mbali wakabahatisha. Walisimama katikati, penye ugumu unaopimika. Mwaka 1964 mafunzo yake, michezo ikiwemo, yaliwafikia wafanyabiashara wa Kakinada, India. Kozi zetu nyingi za ujasiriamali hukwama penye uamuzi: mwanafunzi anakariri mchanganuo wa biashara, lakini hajawahi kujiona akiamua. Mchezo humwonyesha. Ila pete ikikosa kijiti, hakuna kodi ya fremu inayomngoja. Basi mchezo wenyewe ung'ate kidogo: bei ya jumla ipande ghafla, mteja wa mkopo atoweke, kisha mchezaji aulizwe kwa nini aliamua vile.