Neno Jipya Likae Ndani ya Hadithi
(Mazungumzo na wazazi na walimu wa Kiswahili, Mobeni, Durban)



Nianze na jina la hapa tulipokaa. Kwa Kizulu umoba ni muwa, na Mobeni ni "kwenye miwa". Ile -ni ya mwisho ndiyo ile ile ya nyumbani na shambani. Kwa hiyo watoto wetu wanaosoma Kizulu shuleni hawaanzi patupu: inyama ni nyama, imbuzi ni mbuzi, abantu ni watu. Tatizo ni kwamba tunawapa orodha ya maneno 20 wakariri, na wiki ikiisha yameshayeyuka.

Watafiti Hu na Nation walionesha mwaka 2000 kuwa msomaji asiye na msaada anahitaji kujua kama maneno 98 katika kila 100 ili aelewe vizuri. Basi kitabu kigumu mno hakimfundishi mtoto, kinamkimbiza. Chagueni kinachomfaa. Kabla ya kusoma, elezeni maneno matatu au manne ambayo bila hayo hadithi haieleweki. Akikwama katikati, mpeni maana kwa sentensi moja, kisha msonge mbele. Mkimaliza, rudini mjenge ukoo wa neno: soma, msomaji, somo, somesha, kisomo. Na mfundisheni kutafuta mzizi, maana "hawakunielewa" hatoliona kwenye kamusi chini ya H, atafute "elewa".

Mwaka 1873 watu waliokombolewa utumwani, wengi wao Wamakua, waliletwa Durban kutoka Zanzibar. Miaka ya 1960 sheria za ubaguzi ziliwahamisha wajukuu wao kutoka King's Rest hadi Chatsworth, jirani zetu hapa. Kimakua chao kilidumu vizazi kwa sababu kilisemwa nyumbani, si kwa sababu shule ilikifundisha.

Serikali ya hapa ilitangaza mwaka 2018 kuwa Kiswahili kitakuwa somo la hiari. Ni jambo jema, lakini tusikae tukingoja. Mtoto asiyejua maneno hataongea na bibi yake kwenye simu, wala hatasoma yanayoandikwa kuhusu nchi yake akayapima mwenyewe. Atangoja kutafsiriwa, na anayengoja kutafsiriwa huamuliwa.

Dakika 20 kila usiku, kitabu kimoja, maneno manne. Tuanze leo.