Mla jana kala nini?



Wahenga walituachia methali isemayo, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Kwa kawaida tunaitumia kumkanya mtu anayejivunia shibe iliyokwisha kupita. Leo naomba tuichukue kama swali la kweli. Huyo aliyekula jana alikula nini? Chakula chake kilitoka wapi, na nani alimpikia? Sisi tuliozaliwa baadaye tutayajuaje hayo?

Swali hili nililipata darasani. Nilitembelea shule moja ya msingi hapa mkoani Singida, nikamkuta mwalimu wa darasa la tano amewapa watoto kazi ya kuchora mlo wa nyumbani kwao. Nikapita kati ya madawati nikitazama. Karibu wote walikuwa wamechora meza yenye kitambaa, na juu yake sahani ya chipsi, kuku mzima wa kukaanga, chupa ya soda, kisu na uma. Nikawauliza, "Jana usiku mlikula nini?" Wakajibu kwa pamoja, "Ugali!" Wengine wa mahindi, wengine wa uwele. "Na mboga?" "Mlenda!" Basi mbona mlenda hauonekani kwenye karatasi? Wakacheka. Kijana mmoja akanieleza kwa upole kwamba mlenda si kitu cha kuchora.

Binti mmoja tu alikuwa amechora ugali na bakuli la mlenda, na watu wanne wamekaa chini kuuzunguka. Nikampongeza, kisha nikamwuliza mama yuko wapi. Akanijibu bila kusita, "Mama yuko jikoni."

Ndugu msikilizaji, tusiwacheke watoto hawa. Mtoto huchora kile alichoonyeshwa kuwa kina heshima. Wala jambo hili halikuanzia Singida. Wako watu waliochora milo yao kwa karne nyingi, na picha zao zimetundikwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Mfano ni Waingereza, ambao baadaye walikuja kututawala. Hebu tuzitazame picha zao chache, kisha turudi nyumbani.

Mwaka 1748 mchoraji William Hogarth alikwenda Calais, mji wa bandari wa Ufaransa. Alipokuwa akichora lango la mji, askari wa Kifaransa walimkamata wakidhani ni mpelelezi, wakamrudisha kwao. Hogarth alilipiza kisasi kwa brashi. Alichora pande kubwa la nyama ya ng'ombe iliyotoka Uingereza likibebwa na mpishi, huku mtawa mnene wa Kifaransa akiligusa kwa kidole cha tamaa. Askari waliokonda wamekodoa macho, chakula chao ni supu nyepesi. Maana yake ni kwamba sisi Waingereza tunakula nyama, ninyi mnakunywa maji ya moto. Lakini pembeni mwa picha hiyo yuko Mskoti mmoja, mkimbizi wa vita vilivyokuwa vimemalizika kwao miaka miwili kabla. Ameketi chini, hana nyama wala supu. Ana kipande cha mkate na kitunguu kibichi. Sisi wa Singida, wakulima wa vitunguu, tunajua kitunguu bila kitoweo ni mlo gani.

Ziko pia picha za chai. Mnamo mwaka 1720 hivi, Joseph Van Aken alichora familia moja ya Kiingereza yenye uwezo ikinywa chai. Wakati ule chai ilikuwa ghali hata watu wakaifungia sandukuni kwa ufunguo. Wenye nyumba wamevaa hariri, na watumishi wanaonekana kwa kuwa lazima mtu ashike birika la maji ya moto. Lakini mkulima wa chai aliyekuwa China haonekani. Haonekani pia mtumwa wa Kiafrika aliyekata miwa katika visiwa vya Karibi ili sukari ifike pale mezani. Tamu ilikuwa ndani ya kikombe, na aliyeitoka jasho alikuwa nje ya picha.

Baadaye wapo Waingereza waliolitambua hilo, wakasusia sukari ya watumwa. Mwaka 1792 mchora vibonzo James Gillray alimchora Mfalme George wa Tatu na malkia wake wakiwahimiza binti zao wanywe chai bila sukari, na mabinti wamenuna. Gillray alikuwa akimcheka mfalme kwa ubahili, maana watu walisema anatafuta tu kupunguza matumizi. Hata hivyo, kikombe kisicho na sukari kilikuwa kimekwisha kuwa hoja ya taifa zima. Biashara ya watumwa ilipigwa marufuku na Uingereza mwaka 1807, na sheria ya kuukomesha utumwa wenyewe katika makoloni yake ikapitishwa mwaka 1833.

Halafu mwaka 1874 Luke Fildes alionyesha picha kubwa ya watu wasio na mlo kabisa. Ni maskini wa London, wanaume, wanawake na watoto, wamepanga foleni ukutani usiku wa baridi wakingoja kuingizwa mahali pa kulala na kupata chochote cha kutia mdomoni. Umati uliofika kuitazama ulikuwa mkubwa hata ikabidi picha iwekewe kizuizi. Waliokuwa wakipishana na maskini hao barabarani kila siku, sasa walisukumana ili wawaone kwenye turubai.

Basi turudi kwetu. Mtu asidhani kwamba uchoraji tuliletewa na wageni. Mkoa wetu na jirani zetu wa Kondoa tuna picha zilizochorwa juu ya miamba zamani za kale, kabla ya Hogarth na kabla ya Uingereza yenyewe kuitwa jina hilo. Zile za Kondoa ziliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Za kwetu ziko Isanzu na kwingineko katika nchi ya Iramba. Mwanaakiolojia wetu, Fidelis Masao, alizichunguza na kuchimba chini ya miamba, na kitabu chake juu ya kazi hiyo kilitoka mwaka 1979.

Ukitazama juu ya miamba hiyo utaona twiga, tembo, na pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala. Utaona pia watu wembamba, wengine wana pinde. Ukichimba chini yake unakuta mifupa na vipande vya mawe yaliyochongwa kwa kukatia na kuchunia. Juu ni picha, chini ni masalio ya maisha ya watu.

Lakini hata pale tuulize lile swali la mama. Ndugu zetu Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi wilaya ya Mkalama, bado wanawinda. Wanajua kwamba nyama haipatikani kila siku. Siku ambayo mshale umekosa, watu hula mizizi iliyochimbwa na akina mama, matunda ya porini, ubuyu na asali. Kwenye miamba yetu mnyama ndiye aliyetawala. Mizizi haikupewa nafasi kama twiga. Inaelekea kwamba tangu zamani mwanadamu huchora karamu, na kile kinachomfikisha kesho hukiacha jikoni.

Hasara yake ni nini? Nitatoa mfano mmoja. Kati ya mwaka 1917 na 1920 nchi ya Ugogo, hadi upande wa Manyoni, ilipigwa na njaa iliyoitwa Mtunya. Ukame ulikuwapo, lakini haukuwa peke yake. Vilikuwa vita vya kwanza vya dunia. Jeshi la Wajerumani lilichukua nafaka, ng'ombe na vijana wa kubeba mizigo, kisha jeshi la Waingereza likaja likachukua vilivyobaki. Watu wengi walikufa. Ng'ombe wale waliliwa na askari, sufuria zikaoshwa, na hakuwapo Fildes wa kuisimamisha foleni ya Ugogo mbele ya macho ya wakubwa wa London. Habari ile ilihifadhiwa vinywani mwa wazee, na mzee akifa huondoka nayo.

Ndugu msikilizaji, leo kuku wetu wa Singida wanapanda magari kwenda Dar es Salaam, na mafuta ya alizeti yetu yanakaanga chipsi mijini. Si vibaya, ndiyo biashara. Lakini mtoto wetu akichora kuku yule mezani kwa mtu mwingine, na akaona haya kuchora uwele uliomlea, basi amejiweka mwenyewe nje ya picha. Uwele na mtama ndivyo vilivyowavusha babu zetu mvua zilipokuwa chache. Kuna akina bibi wanaojua jinsi ya kuukausha mlenda ukakaa hadi kiangazi, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote.

Ombi langu kwa walimu na wazazi ni dogo. Wapeni watoto karatasi wachore mlo wa jana, ule waliokula kweli. Chini ya picha waandike nafaka ile ililimwa shamba gani, nani aliitwanga au aliipeleka mashineni, nani alisonga ugali. Karatasi hizo zitunzwe shuleni. Na tukiwapeleka kwenye miamba ya picha, tuwafundishe kutazama bila kugusa, wala kukwaruza majina yao pale.

Yule binti nilimwacha ameinama juu ya daftari lake. Alikuwa amefuta sehemu ya pembeni ili apate nafasi ya kuchora mafiga.

Hadi wiki ijayo panapo majaliwa, nakutakia mlo mwema. Kwaheri.